Shukrani za Shemeji kwa Mtu wa Redio

Kuna watu wanaoshukuru mpaka wanakuponza. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mmoja wao. Umpe kikombe cha maji leo, kesho anakuletea mkungu wa ndizi, na huo mkungu hautui chini mpaka majirani wameitwa waje kuona. Kwetu hapa Burundi shukrani ya kunong'ona haihesabiwi. Mtu anashukuru mbele za watu, kwa kinywaji na kwa hotuba, la sivyo ataambiwa amekula akafuta mdomo. Ni mila nzuri, sikatai. Lakini mwaka ule nusura imtie mgeni wangu ndani.

Mimi nina mgahawa Rumonge, kando ya barabara inayokwenda Nyanza-Lac, na nyuma yake vyumba viwili vya wageni. Nilizaliwa Tanzania, ukimbizini, nikakulia huko, nikarudi nikiwa tayari mke wa mtu na mama wa watoto. Ndiyo maana wenzangu wa hapa wanakicheka Kiswahili changu. Wanasema ninaongea kama redio. Hasira ninazo pia, na sijawahi kuzificha, maana hasira iliyofichwa inaharibu chakula.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kolini. Kolini ni mlima mmoja na watu wake, na anayeuongoza tunamwita shefu. Si cheo cha kupandia ndege. Shefu wa kolini anaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa mbuzi, na wa waume waliorudi nyumbani wamelewa. Lakini waulize waliowahi kukikosa kama usingizi uliwapata. Shemeji alikitaka cheo hicho kuliko kitu chochote, na kila mtu alijua hatakipata, kwa sababu shemeji ana kigugumizi.

Nalisema mapema ili nisilirudierudie, na maneno yake nitayaandika yakiwa yamenyooka, kwa heshima yake na kwa kuokoa karatasi. Tena nikuambie ukweli, kilichokuwa kinamtesa zaidi ni huruma yetu. Akikwama tu, kila mtu anakimbilia kummalizia. Mkewe anammalizia, mume wangu anammalizia, mpaka muuza vocha wa kona anammalizia. Kwenye mkutano wake wa kwanza wa kuomba kura alitaka kuwaahidi watu bomba la maji. Akakwama hapohapo mwanzoni. Mzee mmoja wa mbele akamsaidia kwa sauti kubwa, akasema barabara, watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda, na shemeji akashuka pale akiwa ameahidi barabara ambayo hajawahi hata kuiota. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa koti, mwenye Kifaransa cha kumwaga. Wenye kupenda kubashiri walishaacha kubashiri.

Basi katika siku hizohizo akaja kijana kutoka Kigoma. Alikuwa mwandishi wa habari wa redio moja ndogo ya huko, ambayo sisi wa pwani hii ya ziwa tunaipata vizuri, wakati mwingine kuliko za kwetu. Mwembamba, mpole, anasema "naomba" hata akitaka chumvi, wakati sisi tunasema "lete chumvi" na inakuja ileile. Akanipenda kwa sababu ya Kiswahili, nami nikampenda kwa sababu anamaliza sahani. Alikuja kuandika habari za samaki na mawese. Kibali chake kilisema hivyo hasa, samaki na mawese, na siku ya kwanza alinionyesha, akaniambia mambo ya uchaguzi kwake ni moto, haruhusiwi hata kuyagusa. Nikamwambia hapo umefika, kula.

Shemeji ana mashine ya kukamulia mawese karibu na soko. Kijana akaenda kumuuliza habari za bei, kwa nini inapanda na kushuka. Mimi nilikuwepo, nimefuata bidoni langu, dumu la mafuta, na mume wangu alikuwepo pia, amefuata kivuli. Jibu lenyewe lilikuwa la sentensi tatu hivi. Kwa shemeji hiyo ni safari ya kwenda Bujumbura na kurudi. Akaanza, akakwama. Mume wangu akafungua mdomo ili amsaidie, kama kawaida. Yule kijana, bila hata kumtazama, akanyoosha mkono akamzuia. Alikuwa amekaa juu ya debe tupu, ameinama mbele kidogo, kinasa sauti chake chenye kofia ya manyoya kimesimama, anasubiri kana kwamba hana pengine pa kwenda. Shemeji akakwama, akatoka, akakwama tena, akatoka. Akamaliza mwenyewe. Nilikuwa nimeolewa katika ukoo ule miaka mingi na sikumbuki kama nilishawahi kumwona akimaliza mwenyewe.

Kijana akashukuru, akarudi kwao Kigoma. Haukupita muda, watu wakaanza kusema wamemsikia shemeji redioni.

Mume wangu alimsikia mara mbili. Fundi cherehani wa jirani alimsikia akiwa anashona sare za shule. Wauza samaki walimsikia wote, ukiwauliza mmojammoja au kwa pamoja. Na wote walisema kitu kimoja, kwamba shemeji alitiririka kama maji na hakukwama hata mahali pamoja. Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini nani ana nafasi ya kushtuka na samaki wa mukeke yuko kwenye mafuta ya moto?

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu. Shemeji alibadilika. Kwenye mikutano alisimama akaongea. Alikwama bado, tena sana, lakini mtu akitaka kummalizia alinyoosha mkono kama alivyofanya yule kijana, akamzuia, na watu wakamsubiri. Utamkatizaje mtu ambaye sauti yake imevuka ziwa? Akarudia lile jambo la bomba la maji na safari hii likabaki bomba. Kura zilipohesabiwa, mwalimu alitazama ubao kama mtu aliyeletewa chakula cha mwingine. Shemeji ndiye shefu.

Mwalimu hakukubali. Alisema kura hizo zimeletwa na Watanzania. Alisema mgeni ameingia na redio yake akavuruga uchaguzi, na akaenda kumshitaki kwa musitanteri, yaani mkuu wa komini, kolini zetu zote pamoja. Musitanteri alimjibu kwamba atalifuatilia. Sisi tuliona ni maneno ya mtu mwenye machungu, tukayapuuza, maana kijana mwenyewe hakuwepo.

Halafu akarudi. Safari hii alikuja kwa ajili ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Alishinda Gitaza siku nzima na akina mama wanaozianika, akaja kwangu jioni mapema akinuka kama mchanga wa huko, na kabla sijampa maji ya kunawa, shemeji alishafika. Alimkumbatia yule kijana mpaka akamnyanyua. Akatangaza, majirani wakiwa wameshaitwa, kwamba Jumapili atamfanyia sherehe ya shukrani nyumbani kwake. Atamshukuru mbele ya musitanteri, aliyekwisha kukubali kuja, na mbele ya mwalimu mstaafu, aliyealikwa makusudi ili aone jinsi waungwana wanavyoshukuru. Alisema atamshukuru kwa msaada wake mkubwa katika uchaguzi.

Alipoondoka, kijana alisukuma sahani. Hiyo tu ilinitisha, sahani haijawahi kusukumwa na yeye.

"Mama," akasema, "wananifunga."

Akanieleza. Wakubwa wake Kigoma wakisikia ameshukuriwa na mwanasiasa, kazi hana. Na huko bado ni mbali. Hapa hapa musitanteri akisikia kwa masikio yake kwamba mwenye kibali cha samaki amesaidia katika uchaguzi, tena mwalimu alishapeleka mashitaka, atatoka kwenye sherehe ile na polisi. Nikamwambia basi tutamwomba shemeji aseme tu asante kwa mawese. Kijana akasema kuna jambo jingine, ameona aibu kulisema. Yale mahojiano hayakuwahi kurushwa. Habari ilitakiwa iwe fupi, jibu la shemeji lilikuwa refu, wakubwa wake wakalitoa. Aligombana nao, hawakumsikiliza.

"Hata neno moja?" nikamuuliza.

"Hata pumzi, mama."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamfikiria mume wangu aliyesikia mara mbili, na yule fundi na sare zake. Mji mzima umesikia kitu ambacho hakikusemwa. Halafu kicheko kikaniishia tumboni, maana nilimkumbuka shemeji akinyoosha mkono kwenye mikutano. Ukweli ule ungemwokoa mgeni wangu palepale. Huwezi kumfunga mtu kwa sauti ambayo haikutoka. Lakini ungemvua nguo shemeji mbele ya kolini yake, na mimi niliamini kwamba siku atakayojua hakuvuka ziwa, mdomo wake utajifunga tena na sisi wote tutarudi kummalizia. Nilikasirika. Nilimkasirikia shemeji, nikawakasirikia wakubwa wa Kigoma, nikamkasirikia mpaka kijana kwa kuwa mkweli saa ambayo uongo ungetufaa.

Kesho yake nilikwenda kwa shemeji kumwomba aliache hilo neno la uchaguzi. Nikamweleza habari ya kibali. Hakunielewa, au hakutaka. Alisema mtu aliyevushwa mto hamsahau mwenye mtumbwi. Alisema musitanteri akisikia ndiyo vizuri, na asikie, ajue kijana huyu ni mtu mwema. Nikamwambia asante ya punda ni mateke, na kwamba Rumonge nzima hakuna punda kumzidi. Akacheka, akanipa ndizi za kupeleka nyumbani. Nikiwa mlangoni akaniita. Akasema kwa kuwa mgeni wangu hana ndugu mji huu, nimtafutie msemaji. Upande wa shemeji atasema mume wangu.

Nilisimama pale na zile ndizi, na akili ikanijia.

Kwetu sherehe yenye heshima haisemwi na wenyewe. Kila upande una msemaji wake, kama kwenye posa. Na kwenye posa, kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kukana. Waliokuja wanasema tumeona ua zuri kwenye nyumba hii, naye anajibu ua gani, sisi hapa tuna mbuzi tu, tena wanauma. Wanamwelezea binti, anakana. Wanaongeza kinywaji, anakana. Watu wanakufa kwa kicheko, na hakuna anayemkasirikia. Asipokana ndipo watu wanaondoka wakisema hapakuwa na sherehe. Nikamwambia shemeji msemaji wa mgeni ni mimi. Akasema haijawahi kutokea, mwanamke. Nikamuuliza mgeni analishwa na nani, na shati lake limepigwa pasi na nani. Akakubali, kwa sababu ndizi zilikuwa zimenielemea na nilikuwa sitaki kuondoka.

Jumapili ua wa shemeji ulijaa. Turubai lilifungwa kwenye michikichi, viti vya plastiki vikapangwa vinatazamana, kesi, yaani kreti, za bia na Fanta zikapangwa kivulini. Musitanteri alikaa katikati, mtu mnene mwenye sura ya kuchoka. Karibu naye alikaa mwalimu mstaafu na koti lake, simu mkononi, tayari kurekodi. Upande wetu tulikuwa mimi, kijana, na wanawake wa mgahawani kwangu niliowaomba wawe ukoo wake kwa siku moja. Walikubali haraka, walikuwa wameziona zile kesi. Kijana alitoka jasho mpaka masikioni.

Mume wangu akasimama upande wa pili. Akaweka kesi ya bia katikati, maana kwetu neno halitoki kavu, akatusalimia amahoro, tukaitikia. Nikakiri moyoni kwamba alikuwa amependeza. Akasema wamekuja kumshukuru mtoto wa nyumba yetu, aliyebeba sauti ya ndugu yao akaivusha ziwa, na kwa sauti hiyo wakashinda uchaguzi.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mwalimu akainua simu. Musitanteri akaacha kunywa, akamtazama kijana wangu kwa macho ambayo hayakuwa na uchovu tena.

Nikasimama. Nikasema murakoze kwa kinywaji, tumekipokea, lakini wamekosea nyumba. Sisi hapa hatuna mtoto wa uchaguzi. Tunaye mmoja, anakula ndagala na kuuliza bei ya mawese, akimaliza analala. Watu wakacheka, wakakaa vizuri kwenye viti. Walishajua mchezo ni upi.

Mume wangu naye aliujua. Akasema huyo mtoto wanamfahamu, ana kinasa sauti chenye kofia ya manyoya. Nikamwambia kofia za manyoya ziko nyingi. Akasema sauti waliisikia. Nikamuuliza waliisikia wapi. Akavimba kifua, akasema aliisikia yeye mwenyewe, nyumbani, kwenye redio yetu.

"Ile redio yetu," nikasema, "ambayo betri zake nilizitoa nikazitia kwenye tochi ya jikoni kabla ya Pasaka, na mpaka leo ziko huko?"

Ua mzima ulipasuka. Wanawake wangu waligonga chupa kwa chupa. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Sikumhurumia, bado kulikuwa na kazi. Nikangoja watulie, nikasema basi wasikie kutoka upande wetu. Ile sauti haikutoka. Haikutoka asubuhi, haikutoka jioni, haikuvuka ziwa, haikufika hata ufukweni. Mtoto wetu alikuja kuuliza bei ya mawese, akajibiwa, akaondoka, na huko alikokwenda wakalitupa lile jibu. Hakumsaidia mtu yeyote kushinda chochote. Angekuwa amesaidia, sisi ukoo wake tungekuwa tumekuja na kamba ya kufungia ng'ombe wa shukrani, na kama mnavyoona, mikono yetu ni mitupu.

Nilisema ukweli mtupu, mbele ya serikali, na watu walilia kwa kicheko. Waliuona ni kukana kuzuri kupita kukana kote walikowahi kusikia. Mzee mmoja alisema hata kwenye harusi ya binti yake hawakukaniwa hivyo. Musitanteri alijifuta macho kwa kitambaa, akamwuliza kijana, huku bado anacheka, basi yeye alikuja kufanya nini. Kijana akampa kibali kwa mikono miwili. Musitanteri akakisoma kwa sauti, samaki na mawese, na watu wakashangilia kama wimbo wa taifa.

Hapo ndipo mwalimu aliposimama. Alikuwa amekasirika mpaka koti linatetemeka. Alisema hayo ni maigizo, sauti ilirushwa, yeye mwenyewe aliisikia, na mgombea aliomba kura waziwazi. Musitanteri akamuuliza, mgombea aliongea vipi. Mwalimu akasema aliongea vizuri sana, alitiririka kama maji, hakukwama hata mara moja.

Watu wakameza bia iliyokuwa midomoni. Kisha kicheko kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Musitanteri akamwambia mwalimu akae, maana huyo aliyemsikia ni mtu mwingine, wa kwetu tunamfahamu. Na waliocheka zaidi walikuwa wale wale waliosema maneno hayohayo kwa wiki nzima pale sokoni, fundi cherehani akiwa wa kwanza.

Mgeni wangu alikuwa amepona. Nikageuka kumtazama shemeji. Hakuwa anacheka. Alikuwa ametazama mikono yake. Kicheko kile kilikuwa juu ya mdomo wake, na mimi ndiye niliyekifungulia mlango.

Akasimama. Akafungua mdomo na neno la kwanza halikutoka. Akajaribu tena, shingo ikamvimba. Tangu achaguliwe sikuwahi kumwona amekwama namna ile. Nikajua nimemvunja. Nusu ya ua walikuwa wameshafungua midomo kumsaidia, mume wangu kwanza, na yeye hakunyoosha mkono kuwazuia. Nilitaka ardhi inimeze na vyungu vyangu vyote.

Kijana wa Kigoma akasogeza kiti chake mbele. Akainama kidogo, akaweka mikono magotini, akamtazama shemeji, akasubiri. Hakuwa na kinasa sauti, alikuwa amekiacha chumbani makusudi. Alisubiri tu. Shemeji akamwona. Mkono wake ukanyooka taratibu, ukawazuia wale wa kummalizia.

"Namshukuru huyu mtoto," akasema, na ilichukua muda wake, "kwa kuja kuuliza bei ya mawese yetu. Sisi hakuna aliyewahi kutuuliza."

Basi. Uchaguzi hakuutaja. Watu walipiga makofi, musitanteri akapiga pia, na kesi ile ya bia ikakabidhiwa kwa mgeni, ambaye ni Mwislamu na hanywi. Ukoo wake ukainywa kwa niaba yake, na ukoo huo kesho yake haukuja kazini.

Asubuhi hiyo ya kesho nilikuwa peke yangu kando ya barabara na kijana, tunangoja gari la Nyanza-Lac. Mume wangu alikuwa haongei na mimi, anatafuta betri. Gari lilipofika, nikamwona shemeji anakuja kwa miguu na bidoni la mawese begani. Nikatazama nyuma yake kuona majirani. Hawakuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa amemwita mtu.

Kijana akamwomba msamaha. Alisema yale niliyoyasema jana hayakuwa mzaha, kweli hayakurushwa, na anaona aibu.

"Najua," akasema shemeji.

Sisi wote wawili tukamkodolea macho. Shemeji akatua bidoni. Akatuambia, polepole, kwamba yeye redio anayo, na betri zake ziko ndani. Kila jioni alikuwa anaisikiliza ile redio ya Kigoma, sikio juu ya spika, kama anayesubiri mtoto arudi. Sauti yake haikutoka hata siku moja. Lakini kila asubuhi watu wanakuja kumwambia wamemsikia, tena hakukwama. Mwanzoni alidhani wanamcheka. Halafu akawaza, mtu anayekusikia vizuri wakati hujasema kitu, huyo anakutakia mema. Akahesabu walivyokuwa wengi. Hapo ndipo alipojua kwamba anaweza kushinda, na ndipo alipoanza kusimama.

Nilishindwa kusema. Mimi, ninayeongea kama redio. Nilikuwa nimemlinda siku nzima kwa jambo alilolijua kabla yangu.

Kijana akamuuliza, kwa upole ule wake, sasa kama alijua, alitaka kumshukuru kwa lipi.

Shemeji akafungua mdomo, akakwama. Dereva akapiga honi. Abiria mmoja akachungulia dirishani, akaona, na nikaona midomo yake inaanza kutafuta neno la kumsaidia. Nikamtazama kwa jicho ambalo mume wangu analifahamu, akarudi ndani. Nami neno nilikuwa nalijua, lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Nikafunga mdomo, nikangoja. Honi ikalia tena.

"Ulinisubiri," akasema shemeji.